Shuka Mia Mbili Kabla ya Saa Saba

Gari lilizima kwenye mteremko wa baada ya daraja, saa sita na dakika ishirini na moja mchana, bila kukohoa wala kuaga. Injini ilinyamaza, magurudumu yakaendelea kubiringika yenyewe mpaka ukingoni mwa barabara, na watu watatu waliobanana ndani ya kabini wakabaki wanatazama mbele, kana kwamba barabara ndiyo iliyokosea.

"Usiseme," dobi alimwambia mumewe.

"Sijasema kitu."

"Ulikuwa unataka kusema."

Nyuma ya gari, fundi aliruka chini hata kabla halijasimama vizuri. Watu walimbandika jina la Sikio kwa sababu huweka bisibisi kwenye injini, akatega sikio upande wa mpini, kisha akatoa hukumu. Safari nzima alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba, amekumbatia sanduku la vifaa, kwa amri kali ya kutoegemea mizigo. Maana mizigo yenyewe ilikuwa shuka za hospitali, shuka mia mbili nyeupe pe, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimefungwa kumikumi na kila furushi limechomekwa pini yenye kikaratasi cha namba.

Dirisha la chumba cha shuka pale hospitalini hufungwa saa saba kamili. Dobi alikuwa amepewa wiki moja ya majaribio, siku saba, na masharti alisomewa mbele ya watu: ukichelewa mara moja tunakuelewa, mara ya pili tunaandika, mara ya tatu tunaagana. Alikwisha kuchelewa mara mbili. Leo ilikuwa Jumapili, siku ya saba, na kama shuka zingefika kabla ya saa saba angepata kazi ya miezi sita. Zisipofika, angerudi kufua nguo za majirani, beseni moja baada ya jingine, na wale wanawake wawili aliowaajiri wangerudi makwao mikono mitupu. Wangeondoka nyumbani mapema, lakini umeme ulikatika asubuhi na pasi zikapoa shuka themanini zikiwa bado.

"Mimi nilijua," alisema mama aliyeketi katikati, kati ya mwanawe na mkwewe. "Nimekuja leo nione kwa macho yangu mnalifanyia nini gari hili."

Huyo alikuwa mama wa dereva. Mtaani wote walimwita Mkaguzi, hata wajukuu. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika matunda, meza ya mwisho, akikagua vifuniko vya chupa. Chupa iliyopitisha hewa aliichora msalaba mwekundu juu ya kifuniko, na hapo ndipo ilipokuja sheria ya ukumbi ule: msichana aliyeifunga vibaya huibeba mwenyewe, ameinyanyua juu, akapita nayo mbele ya meza zote mpaka kwenye pipa la vibovu. Mkaguzi aliipenda sana sheria ile. Mpaka leo akiisimulia macho yake hung'aa, na katika miaka yote hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kubeba hata chupa moja.

*

Sikio alikuwa amekwisha kufungua boneti.

"Haya, tusikurupuke," alisema, naye jasho likimtiririka kwa kukurupuka. "Jumanne lilizima, nikasafisha plagi, likawaka. Kweli si kweli?"

"Kweli," dereva alijibu.

"Jumatano?"

"Jumatano ulikuwa hupo. Lililala dakika arobaini, nikaketi kando ya barabara kama mtu aliyefiwa, kisha likawaka lenyewe."

"Alhamisi niliimwagia pampu maji ya baridi, likawaka," dobi alisema.

"Ijumaa nikabadilisha koili, likawaka. Na jana nikakaza waya, likawaka." Sikio alijikuna kichwa. "Gari hili kila dawa linaipokea. Sijapata kuona mgonjwa mtiifu namna hii."

"Kila dawa linaipokea, na kila siku linaanguka," alisema Mkaguzi akishuka taratibu. "Mimi nilikwisha sema tatizo ni nini."

Dobi aliinamisha uso. Ndiyo, alikwisha sema. Alisema Alhamisi jioni, pale bombani, mbele ya foleni nzima ya wanawake na ndoo zao. "Mkwe wangu anapakia shuka mbichi. Gari halibebi nguo, linabeba bwawa!" Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Tangu siku hiyo dobi alipita bombani ametazama chini, na kila shuka alilipiga pasi mara mbili mpaka vidole vikatoka malengelenge. Hakumjibu mama mkwe. Alijiambia kwamba gari likiacha kuzima, maneno nayo yataisha, lakini gari halikuacha.

"Za leo ni kavu, mama," alisema sasa kwa sauti ndogo. "Zishike uone."

"Sijasema za leo."

"Moto kwanza!" Sikio alipaza sauti ili kuwatenganisha. Alichomoa plagi moja, akailaza juu ya chuma cha injini, waya wake ukiwa umechomekwa. "Bosi, piga!"

Dereva alizungusha ufunguo. Injini iliguna ng'o-ng'o-ng'o, na pale kwenye ncha ya plagi cheche ya buluu ikaruka, tak, tak, tak.

"Moto upo!" Sikio alirukaruka. "Mmeuona? Mzuri, wa buluu! Basi si plagi, si koili, si waya. Twende kwenye mafuta."

Alirudisha plagi, akachomoa mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta na kuutumbukiza ndani ya chupa tupu ya maji. Dobi aliishika chupa kwa mikono miwili.

"Piga!"

Ng'o-ng'o-ng'o. Yalidondoka matone matatu, la nne likaning'inia kwenye mdomo wa mpira, likakataa kushuka.

"Piga tena!"

Hakuna kitu. Sikio alinyanyuka polepole, akafuta mikono kwenye suruali. "Mafuta hayaji. Pampu imekufa."

"Pampu nyingine iko wapi?" dobi aliuliza.

"Mjini, tulikotoka. Kwenda, kurudi na kuifunga, saa mbili."

Dobi alitazama saa ya mumewe. Saa sita na dakika thelathini na nne. Aliuma mdomo ili asilie mbele ya mama mkwe, kisha akasema neno la mwisho alilokuwa nalo.

"Je, kama petroli imeisha?"

"Nimejaza mwenyewe leo asubuhi!" dereva alisema. "Nusu tangi."

"Fungua tuone."

Geji ya mafuta ya gari lile ilikufa siku nyingi, kwa hiyo petroli walikuwa wakiipima kwa fimbo ya mwanzi. Dereva alisonya. "Kile kifuniko kukifungua ni kazi ya watu wawili tangu mama akitengeneze. Tunapoteza dakika."

"Dakika za nini, kama pampu imekufa? Fungua."

"Mkeo amesema fungua," Mkaguzi aliingilia, si kwa kumtetea mkwewe bali kwa kupenda kuona kazi ya mikono yake. "Fungua."

Dereva alikikamata kifuniko kwa viganja viwili, akakaza meno, akazungusha. Kifuniko kiling'ang'ania, kikalegea, na tangi likavuta hewa kwa nguvu, fyuuuuu, ndefu, kama mtu aliyezibwa pua na sasa ameachiwa.

"Nzuri hiyo," Mkaguzi alisema.

Hakukusudia kusema. Mdomo ulisema wenyewe kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, kwa sababu kiwandani sauti ile ndiyo iliyokuwa furaha yake. Chupa iliyovuta hewa hivyo ilipofunguliwa ilikuwa chupa iliyofungwa sawasawa. Hakuna aliyemsikia. Alibaki amesimama na tabasamu lake, kisha tabasamu likaanza kuondoka kidogo kidogo.

"Nusu tangi, haijapungua sana," dereva alisema akitoa fimbo. "Nilisema. Sasa mmefurahi?" Akakirudisha kifuniko na kukikaza kwa nguvu, kama mama yake alivyomfundisha.

"Hebu piga mara moja ya mwisho," Sikio alisema kwa unyonge. "Niiage pampu yangu."

Dereva alipiga. Petroli ilifyatuka kutoka kwenye mpira, ikajaza chupa nusu, ikamrukia Sikio shati zima. Alipiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Imefufuka! Jamani, pampu imefufuka!"

Alichomeka mpira, injini ikaguna mara mbili, ikanguruma. Dobi alirusha mikono juu. Dereva alipiga honi bila sababu. Sikio aliruka nyuma na sanduku lake, shati likinuka petroli, naye akakaa mbali kabisa na mafurushi bila kuambiwa. Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na nane, na hospitali ilikuwa mbele kilomita kumi na nne, mlima ukiwa katikati.

*

Ndani ya kabini watu wawili walikuwa wanaongea kwa mpigo. Dereva alisema pampu ilikuwa na uchafu tu na sasa imeutapika. Dobi alisema wapite njia ya shule, kwenye kilima kisicho na malori. Nyuma Sikio alikuwa anaimba. Mkaguzi peke yake alinyamaza, mikono imelala magotini, macho kwenye barabara asiyoiona.

Alikuwa anarudi nyuma siku moja moja. Jumatatu, siku ya kwanza, msimamizi wa chumba cha shuka, mwanamke mwenye saa iliyobandikwa kifuani, alilifunua shuka la juu, akalinusa, akamtazama dobi mbele ya wahudumu wote. "Petroli," alisema. "Mgonjwa akilalia hili na mwenzake akawasha kiberiti?" Dobi alirudi nyumbani analia. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimelegea, na kila kona petroli ilimwagika ubavuni mwa gari na kulowanisha turubai. Jioni hiyohiyo Mkaguzi alikichukua mwenyewe. Alikata duara la mpira kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akalivisha ndani, likakaa barabara. Kisha, akikigeuzageuza kwenye mwanga, jicho lake likakuta kitundu katikati ya kifuniko, kidogo kama cha sindano. Kilimchukiza. Alikiziba kwa gundi ya kuungia mabomba, akaiacha ikauke, akapaka tena, akapaka tena.

Jumanne shuka hazikunuka. Msimamizi alisema, "Afadhali." Nyumba nzima ilimsifu Mkaguzi, na yeye zile sifa alizipokea kwa mikono miwili. Na Jumanne hiyohiyo ndipo gari lilipozima kwa mara ya kwanza katika miezi minane.

Kila lilipozima, walifungua tangi kwanza wapime kwa fimbo. Ndipo plagi zikasafishwa, ndipo maji yakamwagwa, ndipo koili ikabadilishwa, na kila mtu akaondoka na ushindi wake. Isipokuwa Jumatano. Siku ile hakuna aliyefungua, na gari lilijivutia hewa lenyewe, kidogo kidogo, dakika arobaini.

Nimelifunga kama chupa, aliwaza. Petroli inatoka na hakuna kinachoingia. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha akaanza kupiga hesabu. Kutoka nyumbani mpaka darajani ni kilomita kumi na moja. Kutoka darajani kilomita kumi na moja nyingine zingewakuta mlimani, karibu kabisa na kilele. Angeweza kunyamaza. Gari lingezima, dirisha lingefungwa, na lawama zingeendelea kukaa palepale zilipokaa wiki nzima, juu ya kichwa cha yule mwanamke aliyembana ubavuni, mwenye malengelenge vidoleni.

"Simamisha gari," alisema.

"Mama?"

"Simama!"

"Mama, mguu wangu ukitoka kwenye mafuta linazima! Limewaka kwa kudra tu!"

"Basi usiutoe. Simama, mguu ubaki hapo hapo, gari lingurume." Alimgeukia mkwewe, na sauti yake ikakosa ukali wote. "Si shuka zako, mwanangu. Ni mimi. Gari hili nimeliziba pumzi mimi."

Dobi alimtazama. Kwa nukta moja yalimjia maneno yote ya bombani, na mdomo ukafunguka. Kisha akaitazama saa ya mumewe. Saa sita na dakika arobaini na tatu.

"Tutaongea baadaye, mama," alisema, akafungua mlango. "Sasa niambie tunafanya nini."

*

Dereva alibaki kwenye usukani akikanyaga mafuta, gari likiunguruma palepale kama limepandwa na mashetani. Mkaguzi alimwagiza Sikio afungue kifuniko. Kilipolegea kilivuta tena, fyuu, fupi kuliko mara ya kwanza.

"Umesikia?" Mkaguzi alimuuliza. "Wewe si ndiye Sikio? Wiki nzima hujasikia hiyo?"

Sikio alikaa mdomo wazi. Alikitazama kifuniko, akalitazama tangi, na uso wake ukachanua. "Hewa!" alipiga kelele. "Hewa haiingii! Pampu inavuta, tangi nalo linavuta! Mama, wewe ni fundi!"

"Mimi ni mharibifu. Kuna tundu hapa katikati, nimelijaza gundi. Nataka kitu chembamba."

Dobi alikwisha kuchomoa pini kwenye furushi. Wakaligeuzia lile tangi mgongo, hatua kumi mbali, wakapiga magoti kwenye vumbi, kifuniko juu ya jiwe kati yao. Pini ya kwanza ilipinda. Gundi ilikuwa ngumu kama jino.

"Tuipashe pini moto," alisema Sikio, akatia mkono mfukoni na kutoa kiberiti.

"Weka!" wanawake wawili walipiga kelele kwa sauti moja. Sikio alilitazama shati lake lililolowa petroli, akakirudisha kiberiti mfukoni na kuomba radhi mara nne.

"Pini nyingine," alisema Mkaguzi. Dobi alimpa. "Nishikie kifuniko. Kaza. Fundi, nipe spana ndogo."

Alisimamisha pini katikati, akaigonga. Dobi alikuwa amekishika kifuniko kwa vidole vyake vilivyochubuka, hakuvitoa hata spana ilipopita karibu. Mara ya tatu, mara ya nne. Ya tano pini ilizama ghafla mpaka kichwani. Mkaguzi aliichomoa, akakiinua kifuniko mdomoni, akapuliza, na upande wa pili dobi akasikia upepo mwembamba kwenye shavu lake.

"Kinavuja," alisema Mkaguzi. Kwa neno hilo alikuwa ametupa maelfu ya chupa. Safari hii alilitamka huku anacheka na machozi yanamlengalenga.

Saa sita na dakika arobaini na tisa.

Dereva aliondoa gari kama ameiba. Walipita shule, wakapita ghala la saruji, wakaanza mlima. Kilomita ya tisa ilipita, ya kumi, ya kumi na moja. Dobi aliushika mkono wa mama mkwe bila kujua kwamba ameushika. Kilele kilikuja, kikapita, injini ikaendelea kuimba, na dereva akapiga kelele ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu siku alipofaulu mtihani wa darasa la saba.

Dirisha lilikuwa limefungwa nusu walipofika, mkono wa msimamizi ukiwa juu ya kitasa. Alitazama saa ya kifuani. "Dakika mbili," alisema. Alitazama foleni yao: dobi mwenye vumbi magotini, dereva aliyebeba mafurushi matano kwa mpigo, fundi aliyesimama mbali sana kwa sababu ya shati lake, na bibi mwenye spana mkononi. Alilifunua shuka la juu. Akalileta puani, akavuta, akavuta tena.

"Linanuka nini?" dobi aliuliza kwa hofu.

"Halinuki kitu," msimamizi alisema, akaandika. "Mafurushi mawili hayana pini za namba. Hayo nitakusamehe leo tu. Kesho saa tano uje usaini mkataba wa miezi sita."

*

Kurudi gari halikuzima hata mara moja. Walipokaribia mtaa wao, kwenye kona ya kabla ya bomba, Mkaguzi alisema, "Nishushe hapa."

"Nyumbani ni mbele, mama."

"Najua nyumbani ni wapi. Zima gari, kanifungulie kifuniko." Kisha akamwomba mkwewe kalamu yake nyekundu ya kuwekea alama nguo.

Alikichukua kifuniko cha tangi, akakifuta kwa upindo wa nguo yake, akakichora msalaba mwekundu juu yake, mkubwa, kama alivyozoea. Pale bombani foleni ilikuwa ndefu, wanawake walewale na ndoo zao. Mkaguzi alikinyanyua kifuniko juu ya kichwa, akapiga moyo konde, akaanza kutembea.

Dobi alielewa. Hadithi ya chupa na pipa la vibovu alikwisha kuisikia mara zisizo na idadi, na katika hadithi ile msichana hutembea peke yake, ukumbi mzima ukimtazama. Alifungua mlango wa gari, akakimbia, akamfikia kabla hajafika kwenye ndoo ya kwanza, akaenda naye sambamba.

"Rudi garini," Mkaguzi alimnong'oneza. "Hiki ni changu."

"Twende tu, mama."

Pale bombani ndoo moja ilijaa na kufurika bila mtu kuiondoa.

"Jamani," alisema Mkaguzi, mkono wake umenyooka, "Alhamisi niliwaambia shuka za huyu ni mbichi. Hazikuwa mbichi. Ubovu ulikuwa huu hapa, na aliyeufanya ni mimi."

Walitembea mpaka mwisho wa foleni, wakageuka, wakarudi. Njiani dobi alimtegemeza mkono kwa chini maana ulikuwa umeanza kuchoka.

"Tukirudishe sasa, mama," alisema walipofika garini. "Tangi liko wazi, na kesho tuna shuka nyingine mia mbili."